Baada ya vyuma mgongoni: mwongozo kamili wa kurudisha msimamo na mizani kwa kijana aliyefanyiwa upasuaji wa skoliosisi

Binti wa kidato cha pili aliingia chumbani kwangu wiki ya saba baada ya upasuaji, sketi ya shule imekaa mshazari. Upande wa kulia ulikuwa umeshuka vidole vitatu kuliko wa kushoto. Mama yake akaniambia kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulia nyumbani, "Mtaalamu, naona mgongo umerudi." Tukamsimamisha, tukamshushia uzi wa timazi. Mgongo ulikuwa sawa kabisa. Kilichopinda kilikuwa sketi. Mwaka uliotangulia fundi cherehani aliurefusha upande wa kulia, kwa sababu nyonga ya kulia ilikuwa imejitokeza na kuivuta sketi juu. Nyonga imerudi mahali pake, sketi imebaki na kipimo cha mwili wa zamani.

Binti mwenyewe naye alikuwa hivyo hivyo. Nilimwambia afumbe macho asimame wima anavyojua yeye, akaegemea kushoto bila kujijua. Kwake hapo ndipo pamenyooka. Alipofumbua macho na kujiona kwenye kioo akacheka, kisha akanyamaza.

Ninafanya kazi ya fiziotherapia, na hili ndilo jambo ninalolirudia kila wiki: daktari wa upasuaji hunyoosha mifupa kwa saa chache, lakini ubongo uliozoea kupinda kwa miaka mitatu minne haunyooki siku hiyo. Unahitaji kupimiwa upya na kushonewa upya. Kazi hiyo ni ya nyumbani, huchukua miezi kadhaa, na haina maumivu wala gharama kubwa ikifuata utaratibu.

Tuelewane kwanza tunamzungumzia nani. Mitaani kila mgongo uliopinda huitwa kibiongo, lakini kibiongo hasa ni ule unaoinamia mbele. Skoliosisi huenda ubavuni, na pingili hujizungusha zenyewe, ndiyo maana mtoto akiinama mbavu za upande mmoja huchomoza nyuma. Inayowapata vijana wa miaka 10 hadi 18 mara nyingi haina chanzo kinachojulikana. Haikuletwa na begi la madaftari, wala kulala vibaya, wala jicho la mtu. Jina hilo hutumika pembe ya mpindo ikifika nyuzi 10, na upasuaji huanza kuzungumzwa inapofika nyuzi 45 hadi 50. Mwongozo huu ni wa kijana wa aina hiyo aliyewekewa skrubu na fimbo za chuma na kuunganishwa pingili. Mwenye skoliosisi iliyotokana na kupooza, au aliyeharibiwa pingili na kifua kikuu, ana njia yake na asifuate hatua hizi bila mtaalamu wake. Na popote daktari aliyekupasua aliposema tofauti na mimi, neno lake ndilo la kufuata, maana yeye ndiye aliyeuona mfupa wako.

Hatua ya 1: Jua umefungwa kutoka wapi hadi wapi

Nashangaa ni familia ngapi hutoka hospitali zikijua bei ya kila skrubu lakini hazijui vyuma vinaanzia pingili gani na kuishia ipi. Uti wa mgongo una pingili 7 za shingo, 12 za kifua na 5 za kiuno, kisha mfupa wa sakramu, ule unaoshikana na nyonga. Zilizofungwa zitaungana ziwe kama mfupa mmoja, hazitakunjika tena maisha yote. Zilizobaki huru, juu na chini, ndizo zitakazofanya kazi ya kukunja na kugeuka. Aliyeishia pingili ya mwisho ya kifua atainama karibu kama zamani. Aliyeshuka hadi ya nne ya kiuno ataisikia tofauti kila akifunga kamba za viatu.

Kwa hiyo kabla ya kuondoka wodini, muulize daktari mambo manne na uyaandike: vyuma vinaanzia na kuishia pingili ipi, ni vya madini gani, kijana asinyanyue kilo ngapi na hadi lini, na tarehe ya eksirei inayofuata. Piga picha ya eksirei ya kabla na ya baada, zihifadhi kwenye simu na mahali pengine pa pili. Wanaopasuliwa Taasisi ya Mifupa Muhimbili kumbukumbu zao hazipo mbali. Anayerudi kutoka India na karatasi moja tu ya risiti hutupa kazi ngumu sisi tunaompokea, kwa hiyo omba ripoti ya upasuaji na picha zote kabla hujapanda ndege.

Kuna jambo moja la kihistoria linalosaidia hapa. Fimbo za kwanza zilizoenea duniani zilibuniwa na Paul Harrington huko Houston, Texas, na zikatumika sana miaka ya 1960 na 1970. Zilinyoosha mgongo kwa kuuvuta juu na chini. Ukimtazama mtu kwa nyuma alikuwa amenyooka, ila ukimtazama ubavuni, kwa baadhi yao ule mbonyeo wa asili wa kiuno ulikuwa umepotea. Miaka ilipopita wakawa wanainamia mbele, na ili waweze kutazama mbele ikabidi wakunje magoti wakiwa wamesimama. Vyuma vya leo hushika pingili moja moja kwa skrubu, na madaktari hulinda mbonyeo huo. Somo likabaki palepale: msimamo hutazamwa pande mbili, nyuma na ubavuni, na wazazi wengi huangalia nyuma peke yake.

Hatua ya 2: Wiki sita za kwanza, kutembea ndiyo dawa

Katika kipindi hiki hakuna zoezi la kunyoosha mgongo. Narudia, hakuna. Kuna kuamka, kutembea, kula na kulala.

Kuamka kitandani: kijana akunje magoti, ageuke ubavu mabega na nyonga vikienda pamoja kama gogo linaloviringishwa, ashushe miguu, kisha ajisukume kwa mikono mpaka akae. Kulala ni kinyume chake. Kitanda cha kamba kilicholegea hakifai. Afadhali godoro gumu kiasi juu ya mbao.

Kutembea: aanze na dakika tano, mara kadhaa kwa siku, ndani ya nyumba au barazani. Kila siku mbili tatu ongeza kidogo. Kufikia wiki ya sita wengi hutembea nusu saa bila shida. Akichoka apumzike amelala, si kwa kukaa amejikunja kwenye kochi linalodidimia.

Mambo matatu yamekatazwa: kuinama kwa kiuno, kunyanyua kizito, na kujipindua. Kizito maana yake nini? Chupa mbili za maji za lita moja na nusu ni kilo tatu, na kwa wengi hapo ndipo kikomo kilipo mwanzoni. Ndoo ya lita 20 haina mjadala.

Choo ndicho kinachosahaulika kuliko vyote. Nyumba nyingi zina choo cha kuchuchumaa, na kuchuchumaa wiki ya pili hukunja kiuno vibaya na kumweka kijana katika hatari ya kuanguka. Chukua kiti cha plastiki kigumu, kata tundu katikati, laini kingo zake, kiweke juu ya tundu la choo. Fundi yeyote wa mtaani atakufanyia. Bafuni, ndoo ipande juu ya stuli ili kopo lifikiwe bila kuinama. Viatu viwe vya kutumbukiza mguu.

Kwenye daladala, asikae kiti cha nyuma kabisa ambako kila tuta humrusha. Bodaboda hapana. Madaktari wengi huikataa kwa miezi sita, na mimi napenda ifike mwaka.

Mfupa huungana kwa miezi 6 hadi 12, na unahitaji chakula: maharage, dagaa, mayai, maziwa, mboga za majani. Sigara na shisha huchelewesha muungano. Halafu kuna diklofenaki, dawa ya maumivu ambayo kwetu hununuliwa duka la dawa kama pipi. Dawa za kundi hilo zinaweza kudhoofisha kuungana kwa mfupa zikitumiwa kwa muda mrefu. Hata kama wodini alipewa siku chache chini ya uangalizi, hiyo si ruhusa ya kujinunulia miezi miwili. Uliza kwanza.

Hatua ya 3: Weka kipimo, acha kukisia

Neno linaloharibu kazi kuliko yote ni "Nyooka!" Mama analisema mezani, baba analisema mlangoni, shangazi analisema msibani. Kijana akilisikia huinua bega moja, hubana tumbo, huchomoza kifua, hushika pumzi. Baada ya dakika mbili amechoka na amerudi alipokuwa. Na ameshajifunza kwamba mwili wake ni kosa.

Badala ya neno, tumia timazi, ileile ya fundi mwashi. Huna timazi? Uzi wa mita moja na nusu na nati nzito mwishoni vinatosha. Fanya hivi kuanzia wiki ya sita, mara moja kwa mwezi, asubuhi:

Kijana avae fulana ya kubana na kaptula yenye mshono wa katikati nyuma, mshono ukae katikati kweli. Asimame peku kwenye sakafu iliyosawazika, nyayo zikiachana kwa upana wa nyonga, mikono ikining'inia, macho mbele. Mwambie ainamishe kichwa kidogo: chini ya shingo, kwa nyuma, utapapasa nundu ya mfupa iliyochomoza kuliko zote. Weka alama hapo kwa kipande cha plasta. Ainue kichwa. Bandika uzi kwenye alama, uache nati ining'inie mpaka itulie.

Sasa tazama uzi ulipopita ukilinganisha na mshono wa kaptula. Ukiwa umepita juu yake au kando yake kwa chini ya sentimita 2, mizani ya nyuma ni nzuri. Ukizidi sentimita 2, andika umeenda upande gani na kwa kiasi gani. Miezi ya mwanzo kiwiliwili kuegemea upande, mara nyingi kushoto, ni jambo la kawaida na mara nyingi hupungua lenyewe mwili unapojipanga. Kinachonishtua ni namba inayokua mwezi hadi mwezi.

Kisha ageuke ubavu. Shusha uzi kwenye tundu la sikio. Kwa mtu aliyesimama vizuri hupita karibu na katikati ya bega, karibu na kiungo cha nyonga, na kutua mbele kidogo ya kifundo cha mguu. Ukimkuta ameinamia mbele na magoti yamekunjika, usimkemee. Piga picha umpelekee daktari.

Mabega nayo yatazamwe, lakini kwa subira. Bega moja kuwa juu baada ya upasuaji hutokea sana, hasa la kushoto, na kwa wengi linaendelea kushuka taratibu hata kufikia mwaka wa pili. Kutolingana kidogo hakuhesabiki. Mimi mwenyewe, baada ya kubeba begi upande mmoja miaka yote ya chuo, bega langu la kulia liko chini na sina chuma hata kimoja.

Tahadhari moja: picha za vipimo zibaki kwenye simu ya mzazi. Usizirushe kwenye kundi la WhatsApp la ukoo ili watu watoe maoni. Huyu ni kijana, na mgongo ni wake.

Hatua ya 4: Fundisha ubongo mahali papya pa kati

Hapa ndipo penye kiini cha mambo, na ndipo wengi hukosea.

Mwili hujua ulivyosimama kwa kusikiliza macho, sikio la ndani, na hisia zinazotoka misulini, kwenye viungo na nyayoni. Hisia hizo ndizo zilizopimwa kwa mwili wa zamani. Tunazifundisha upya kwa kuzipa jibu sahihi mara nyingi, kwa muda mfupi mfupi. Dakika tano, mara mbili kwa siku, zinashinda saa nzima ya Jumamosi.

Zoezi la kioo (wiki ya 6 hadi ya 12). Bandika utepe wima katikati ya kioo kirefu. Kijana asimame ili pua, kitovu na nafasi kati ya miguu vikae juu ya utepe. Atulie pumzi tano. Afumbe macho pumzi tano, asihame. Afumbue, aone amekwenda wapi, ajirudishe polepole huku akisikiliza ni wapi nyayoni uzito umehama. Mara sita. Siku za kwanza atasema akiwa katikati anahisi kama anaanguka kulia. Mwambie ndiyo, ndivyo inavyokuwa, na wiki chache zijazo hisia hiyo itafifia.

Zoezi la mizani mbili. Ukipata mizani mbili za kupimia uzito zinazofanana, kila mguu juu yake. Kijana wa kilo 48 anapaswa kuona karibu 24 na 24. Binti yule wa sketi alianza na 29 kushoto na 19 kulia, akabishana na mizani, akaomba tuzibadilishane. Tukazibadilisha. Namba zikabaki zilezile. Tangu siku hiyo hakuhitaji kuambiwa tena. Asiye na mizani mbili asimame kwenye mchanga laini au udongo uliolowa, atoke, alinganishe kina cha nyayo.

Zoezi la ngata. Hili nalipenda kuliko yote, na sikulitoa chuoni. Watazame kina mama wanaotoka kisimani: shingo ndefu, kidevu kimetulia, kiwiliwili hakiyumbi, miguu ndiyo inayofanya kazi. Viringisha kanga iwe ngata, iweke utosini ikiwa tupu, bila ndoo wala kitu kingine juu yake. Kijana atembee hatua ishirini kwenda, ageuke mwili mzima, hatua ishirini kurudi. Usimwambie nyooka, mwambie "isukume ngata juu." Neno hilo hurefusha mwili bila kuchomoza kifua. Ikianguka asiinamie kuiokota, mdogo wake amwokotee. Wadogo hulipenda jukumu hilo.

Kuanzia mwezi wa tatu, daktari akiruhusu, ongeza ugumu. Asimame mguu mmoja kando ya ukuta, sekunde 10, mpaka afike 30 kila upande. Kisha atembee kisigino kikigusa kidole kwenye mstari wa sakafu. Kisha asimame miguu pamoja macho yamefumbwa, mtu mzima akiwa karibu. Mwisho, mguu mmoja juu ya mto laini. Ukiona upande mmoja una sekunde 30 na mwingine 8, upande wa 8 upate zamu mbili. Usiruke hatua kwa sababu ya kwanza ni rahisi.

Hatua ya 5: Hamishia kuinama kwenye nyonga

Mgongo uliounganishwa haukunji. Kijana asipofundishwa, atalazimisha kukunja kwenye pingili chache zilizobaki chini ya vyuma, na hizo ndizo zitakazochakaa miaka ishirini ijayo. Kazi ya kuinama ihamie kwenye nyonga na magoti.

Chukua mpini wa fagio. Uweke wima mgongoni uguse sehemu tatu: kisogo, kati ya mabega, na juu ya makalio. Mkono mmoja uushike juu, mwingine chini. Kijana arudishe makalio nyuma kama anayesukuma mlango kwa makalio mikono ikiwa imejaa vyombo, magoti yakilegea kidogo. Mpini ukiachana na sehemu yoyote, amekosea, arudi juu. Mara nane, mizunguko miwili, siku tatu kwa wiki, kuanzia mwezi wa tatu au atakaporuhusiwa. Misuli ya nyuma ya paja itavuta, nayo inyooshwe taratibu akiwa amelala chali, mguu mmoja juu, taulo kwenye unyayo.

Kisha ibadilishe nyumba kidogo. Ufagio mfupi wa chelewa ufungwe kwenye mti mrefu. Beseni la kufulia lipande juu ya meza. Jiko la mkaa lipandishwe juu ya matofali. Mbuzi ya kukunia nazi, ile ya kukaa chini kabisa, mwachie mtu mwingine mwaka wa kwanza. Nawajua mabibi wanaoona haya yote ni kumdekeza mtoto wa kike. Mpe bibi ule mpini wa fagio ajaribu mwenyewe, mara nyingi mjadala huishia hapo.

Kubeba kichwani kunaulizwa kila wiki. Mzigo wa kichwani hupita shingoni na kutua pale vyuma vinapoanzia, mahali ambapo mgongo unaokunjika hukutana na usiokunjika. Kabla mfupa haujaungana, hapana. Baada ya mwaka, daktari akiridhika na eksirei, vitu vyepesi. Ndoo ya lita 20 kila siku mimi siipendi hata baada ya hapo.

Kuswali: miezi ya mwanzo rukuu na sijida hukunja mgongo, na aliye na udhuru ameruhusiwa kuswali amekaa kwenye kiti. Zikirudi, zirudi kwa nyonga, na viganja vikitangulia kupokea uzito. Wengi huweza kusujudu bila shida baada ya miezi michache, wakiruhusiwa.

Hatua ya 6: Iandikie shule kabla hajarudi

Wengi hurudi darasani kati ya wiki ya nne na ya nane, pengine kwa nusu siku kwanza. Usitume ujumbe wa mdomo. Peleka barua ya daktari, na juu yake barua yako inayotaja mambo kwa majina: seti mbili za vitabu, moja ibaki shuleni, au begi jepesi la mabega mawili, ruhusa ya kusimama na kutembea kila nusu saa, kiti chenye egemeo, kukaa paredi zikirefuka, kitanda cha chini bwenini, kutochota maji, kutolima, kutopiga deki kwa kuinama. Na andika wazi kwamba haruhusiwi adhabu ya mwili ya aina yoyote: viboko, kuruka kichura, kupiga magoti kwa muda mrefu. Mwalimu wa zamu hajui kuna skrubu ishirini chini ya shati. Mjulishe mwalimu wa darasa, matroni, na rafiki mmoja ambaye kijana anamchagua mwenyewe.

Sare zishonwe upya. Kijana huongezeka kimo kwa sentimita kadhaa siku ileile ya upasuaji, na nguo za zamani humwambia kila asubuhi kwamba amepinda.

Hatua ya 7: Kurudi michezoni

Kuogelea, jeraha likishakauka kabisa na daktari akiridhia, ndio mwanzo mzuri. Kukimbia taratibu na baiskeli hufuata kati ya mwezi wa tatu na wa sita. Mpira wa miguu, netiboli na kikapu kati ya mwezi wa sita na mwaka. Ratiba hutofautiana kati ya daktari na daktari, na anayekataza zaidi si lazima awe na mgonjwa aliye dhaifu zaidi. Sarakasi, kupiga mbizi kutoka juu na michezo ya kugongana kama raga ni mazungumzo ya peke yake, na kwa waliofungwa hadi pingili za chini za kiuno jibu mara nyingi ni hapana.

Kipimo changu kabla ya kumruhusu mtu uwanjani: sekunde 30 kila mguu macho wazi, sekunde 10 yamefumbwa, kuchuchumaa nusu mara kumi bila kuegemea upande, na kuruka mguu mmoja akatua bila kuyumba. Asiyefikia hapo atacheza, ila atatua vibaya.

Hatua ya 8: Miaka inayofuata

Kliniki huwa karibu wiki ya 6, kisha miezi mitatu, sita, mwaka, miaka miwili. Baada ya hapo familia nyingi hupotea, kwa kuwa mtoto anacheza na nauli ni ghali. Naelewa. Lakini kijana aliyepasuliwa akiwa bado anakua anaweza kuona mpindo ukiendelea chini ya vyuma, au mgongo wa juu ukianza kuinamia mbele pale vyuma vinapoanzia. Hivyo huonekana mapema kwenye eksirei ya kusimama, na kwenye timazi pia. Punguza kipimo cha nyumbani kiwe mara mbili kwa mwaka, usikiache mpaka aache kurefuka.

Mazoezi ya mguu mmoja na ya mpini yabaki dakika kumi, siku tatu kwa wiki, utu uzima wote. Vyuma kwa kawaida haviondolewi. Havizuii ujauzito wala kujifungua, ila mjamzito amweleze mapema mtaalamu wa usingizi, kwa maana sindano ya mgongoni inaweza kuwa ngumu kupata njia. Kipimo cha MRI, picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku, huwezekana kwa vyuma vingi vya kisasa, ndiyo sababu nilisema uandike madini yake. Ganzi kando ya kovu inaweza kudumu miezi au kubaki daima, na haina madhara.

Wakati wa kukimbia hospitali, si wa kusubiri kliniki

Mguu kuishiwa nguvu au kufa ganzi upya, kushindwa kuzuia mkojo au haja, kifua kubana na pumzi kukata, au mguu mmoja kuvimba na kuuma: nenda saa hiyohiyo. Homa, au jeraha linalotoa maji au usaha, nenda siku hiyo, hata kama imepita miaka miwili, kwa sababu vijidudu vingine hukaa kwenye chuma kimyakimya kabla ya kuamka. Kutapika kusikokoma wiki za mwanzo kwa kijana mwembamba kusichukuliwe kuwa malaria tu: mgongo ukinyooshwa, utumbo mdogo unaweza kubanwa na mshipa mkubwa wa damu. Mlio wa "kak" mgongoni ukifuatwa na maumivu mapya, au umbo kubadilika ndani ya siku chache, lala, usijinyooshe, usiende kwa mkandaji, upelekwe hospitali. Kukandwa na kuvutwa mgongo wenye vyuma ni marufuku, hata mkandaji awe amesifiwa na mtaa mzima.

Chukua picha za eksirei, daftari la timazi na karatasi ya ripoti. Zitaokoa muda mwingi mapokezi, hasa usiku, daktari wa zamu asipokuwa na faili lako.